Nzuri Tu, Anakusalimu

Mikumi,
Jumapili, saa kumi jioni.

Mwanaidi shoga yangu,

Shuleni tulifundishwa kwamba barua inaanza hivi: "Natumaini hujambo na unaendelea vizuri na shughuli zako." Nimeuandika huo mstari, nikaufuta, nikacheka peke yangu mpaka jirani akachungulia dirishani. Sasa wewe nikuanzeje? Shughuli gani uendelee nazo huko? Ingawa kwa jinsi ninavyokujua, umeshapata benchi, watu wamekuzunguka, unawasimulia vituko vya madereva wa malori na wanakuomba uache maana mbavu hawana. Basi hilo swali naliruka. Naanza na zangu.

Mimi sijambo. Usinikunjie uso, hilo neno nimelipima kabla ya kuliandika, na ukinivumilia utajua kwa nini.

Kwanza lile zito, nilitue chini. Sikuja kukuzika. Mimi Pili, niliyekaa na wewe bega kwa bega miaka tisa kwenye banda letu la chai hapa barabarani, wewe kwenye supu na maneno, mimi kwenye chapati na kimya, sikuonekana msibani kwako. Walikuja watu kutoka Mikumi, wakaja wa Kidodi, hata yule dereva wa Tunduma aliyekuwa anakuposa kila wiki kwa utani aliliacha lori lake akaja Tindiga kwenu akakaa mkekani na wanaume wenzake. Mimi sikuja. Nilisema gari liliharibika njiani. Shoga, gari lenyewe lilifika! Lilifika, watu wote wakashuka, nikakosekana mimi tu. Uongo gani ule, hata mtoto wa chekechea angeona haya kuutunga.

Kilichotokea ni hiki. Nilipanda Noah ya Shafii, yule yule anayebeba mchele wa Tindiga pamoja na salamu za watu wote wa njia ile. Nilikuwa nimejikaza kisabuni, kanga mbili, udi wa msibani kwenye mfuko. Tulipokaribia Ulaya, hii Ulaya yetu ya njia ya Kilosa, moyo ukaanza kunienda mbio. Vidole vikafa ganzi. Pumzi ikawa inaingia nusu, inarudi. Nikaona kabisa kwamba na mimi naondoka, tutawachosha wachimba kaburi. Nikapiga kelele, Shafii simama, nikashuka. Wenzetu wanakwenda Ulaya kwa ndege, mimi niliingia Ulaya kwa kukimbia msiba wa rafiki yangu. Nikakaa kwenye benchi la muuza machungwa mpaka likapita gari la kurudi. Nilipofika nyumbani moyo ulikuwa umetulia, umetulia kabisa, na hapo ndipo aibu ilipoanza.

Maana nilikuwa nimekuahidi. Unakumbuka, tulikuwa tunaosha masufuria, ukasema bila hata kuniangalia, "Pili, nikitangulia, mwangalie mama." Nikakwambia toka hapa, wewe ndiye utatuzika sote. Ukairudia mara ya pili, na safari hiyo hukucheka. Nikasema sawa, nitamwangalia. Wewe ndiwe mtoto wake pekee. Nani mwingine angemwangalia?

Halafu ile asubuhi aliyokuja mama yako kukuchukua, mimi nilikuwa nimekwenda dukani kufuata unga. Ugonjwa ulikuwa umeshakudhoofisha, akaona bora ukauguliwe nyumbani, na gari lilikuwa linaondoka. Niliporudi nikakuta supu yako ingali jikoni, inachemka, na kigoda chako kimeegeshwa ukutani. Siku kumi na moja baadaye ikaja simu. Hatukuagana, Mwanaidi. Hilo nimekaa nalo sana.

Basi nikawa nimeshakosa kukuzika, nikadanganya, na uongo ukajulikana. Nikasema nikienda sasa kwa mama yake ataniangalia vipi? Ngoja wiki ipite. Wiki ikapita, nikasema ngoja arobaini. Arobaini ikapita pia. Kila nilivyochelewa ndivyo ilivyozidi kuwa vigumu kwenda, mpaka ukapita mwaka mzima na mwezi wa mfungo tukafunga na kufungua mimi sijatia mguu Tindiga.

Sasa sikiliza jinsi tulivyoishi huo mwaka. Kila Jumamosi Shafii alisimamisha gari mbele ya banda, akaniambia, "Mama Mwanaidi anakusalimu, anauliza habari zako." Namjibu, "Mwambie nzuri tu, namsalimu sana. Yeye je?" "Nzuri tu." Basi. Jumamosi kwa Jumamosi. Nzuri inakwenda, nzuri inarudi, na magunia ya mchele juu yake. Ungemuuliza mtu yeyote kati ya Mikumi na Tindiga, angekuambia wale wawili wako vizuri, wanasalimiana kila wiki.

Na mimi huku nilikuwa naunguza chapati. Mimi! Wewe ulikuwa unanisifia kwa madereva kwamba chapati zangu zinaweza kukunjwa kama leso. Nikawa naamka moyo unadunda, nakula mara moja kwa siku, mtu akiniuliza kitu namng'akia. Nyani wa mbugani walikuja wakabeba rundo zima la chapati nikawaangalia tu. Unakumbuka wewe ulivyomkimbiza yule dume na upawa mpaka ng'ambo ya barabara, unampigia kelele, "Rudisha hata moja, mwanaharamu wewe!" Mimi niliwaangalia wakila, nikasema waache wale, angalau wao wana hamu.

Nikaenda zahanati nikijua nina ugonjwa wa moyo. Nikapimwa presha, iko sawa. Nikapimwa malaria, hakuna. Nesi aliyenipima ni binti mdogo, Sista Neema, mpya kwetu, ana miwani na ana adabu, alinipa shikamoo kabla hata sijakaa. Akaniuliza, "Mama, ulifiwa na nani?" Sikuwa nimemwambia nimefiwa. Nikalia pale mpaka foleni ya nje ikaanza kuguna.

Yeye ndiye aliyeniingiza darasani. Kila Alhamisi alasiri, wiki sita, kwenye chumba cha mikutano pale ofisi ya kijiji. Kwenye tangazo waliandika "Mafunzo ya Afya ya Akili" na kwa hiyo siku ya kwanza hakuja mtu. Nani apite mchana kweupe aonekane anaingia kwenye akili? Ikabidi wabandue, waandike "Mafunzo ya Kuishi Vizuri", tukaja kumi na wawili. Hata hivyo pale sokoni walishasema Pili anasoma darasa la vichaa. Nikawajibu ndiyo, na nafasi bado zipo, nikawaandikishie?

Shoga, hiyo siku tuliyokuja ungekuwepo ungeharibu kila kitu kwa kucheka. Tumekaa duara. Sista Neema anasema kila mmoja aseme leo anajisikiaje. Akaanza kwa Mzee Hassani, dereva mstaafu wa malori ya miwa kule Kidodi, mtu mzima, amevaa koti na jua lote lile. "Nzuri," akasema. Sista akamwendea mama mmoja wa kifugaji. "Nzuri." Akaja kwangu. "Nzuri tu, namshukuru Mungu." Kumi na wawili, nzuri kumi na mbili! Na mmoja wetu alikuwa na jicho jekundu la kulia, na mimi nilikuwa sijala tangu jana yake. Sista akavua miwani akaifuta. Akasema, "Wazee wangu, mama zangu, naomba mnisamehe. Kama sote ni nzuri, basi tumekuja kufanya nini hapa?"

Wiki ya pili vile vile. Si kwamba tulikuwa tunamdanganya. Wewe unajua sisi tulivyo. Mtu amefiwa, ukimuuliza habari za nyumbani atakujibu nzuri, ndipo aseme ila leo alfajiri baba amefariki. Nzuri ndiyo mlango, lazima uupite kwanza. Sista anasema hana ugomvi na mlango. Ugomvi wake ni kwamba tunaishia mlangoni, hakuna anayeingia ndani.

Akatueleza kwamba haya anayofundisha si maombi wala si uganga, ni mambo yaliyochunguzwa na wataalamu na kujaribiwa kwa watu wa kila namna. Mengine yatakufaa wewe, mengine yatamfaa mwenzio, ujaribu uone. Hilo nililipenda. Sikuahidiwa makuu.

Akasema ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo kama mlinzi wa getini, kazi yake kupiga kelele ikitokea hatari. Moyo ukikimbia na pumzi ikikata si lazima unakufa, inaweza kuwa ni mwili unajiandaa kumkimbia simba ambaye hayupo. Mzee Hassani akanyoosha mkono. "Sista, samahani. Hapa Mikumi simba yupo." Tulicheka mpaka mtendaji wa kijiji akaja kuuliza kuna nini. Sista naye alicheka, akasema haya, huyo wa mbugani mkimbieni, mimi namsema yule wa ndani ya Noah. Alisema hivyo kwa kuwa mimi nilikuwa nimeshamwambia habari ya Ulaya. Mtu wa kwanza kumwambia. Ukiacha wewe sasa.

Dawa ya yule mlinzi, kumbe, ni pumzi. Vuta kwa kuhesabu nne, toa polepole kwa kuhesabu sita. Kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta, na moyo nao unapunguza mwendo. Mimi na hesabu wapi na wapi, nikatumia chapati. Navuta wakati nasukuma, natoa wakati inaiva upande mmoja. Baada ya wiki mbili zile chapati zikaanza kurudi kuwa za kukunjwa kama leso, na mimi mwenyewe nikaanza kushangaa nimemaliza asubuhi nzima bila kumng'akia mtu.

Ya pili ni kuita hisia kwa jina lake. Si kusema "najisikia vibaya" ukaishia hapo. Ni aibu? Ni hasira? Ni upweke? Anasema ukishaitaja, yule mlinzi anapunguza kelele, anajua kuna mtu ndani amemsikia. Wiki ya tatu Mzee Hassani akaulizwa anajisikiaje. Akasema "nzuri", akafungua kifungo cha koti. Akasema, "Upweke. Miaka thelathini nilipiga honi kila nikipita, watu wananipungia. Sasa sina wa kumpigia honi." Wala hatukucheka. Yule mama wa kifugaji akamshika bega, na sote tunajua wakulima na wafugaji wa mabondeni kwetu hawashikani mabega kila siku. Kuanzia hapo darasa likawa darasa.

Ya tatu, kila jioni niandike mambo matatu mazuri ya siku ile, hata kama ni madogo. Nilianza kwa kiburi. Siku ya kwanza niliandika: moja, mvua haikunyesha, mbili, mvua haikunyesha, tatu, angalia namba moja. Lakini ukijilazimisha kutafuta jioni, kumbe na mchana macho yanaanza kuokota. Sasa hivi naandika: dereva wa Songea amekula chapati tano akaimba. Nyani mdogo ameiba kitambaa cha meza akakivaa. Nimemkumbuka Mwanaidi nikacheka kabla ya kulia.

Ila iliyonitoa jasho ni ya nne. Sista alisema wazo likikukaa kichwani, usilimeze zima zima, lihoji kama polisi anavyomhoji mtu. Nikamwambia wazo langu ni hili: mama yake Mwanaidi ananichukia. Akaniuliza, "Amekuambia?" Hapana. "Amemwambia mtu akakuambia?" Hapana. "Kuna alilokufanyia baya?" Nikafikiri. Nikasema ananitumia salamu kila Jumamosi. Sista akaniangalia. Nikasema lakini hizo ni salamu tu! Akasema, "Na huo ndio ushahidi pekee ulio nao, mama Pili, na uko upande mwingine." Nilikasirika, nakuapia. Nilirudi nyumbani nimenuna, nikasukuma chapati kama nampiga mtu.

Halafu tukapanga ngazi. Jambo unaloliogopa unaligawa vipande, kutoka kile chepesi mpaka kile kigumu, na kila kimoja unakaa nacho mpaka woga ushuke wenyewe. Usikimbie kabla haujashuka, maana ukikimbia woga ndio unajifunza kwamba ulikuwa na haki. Cha kwanza changu kilikuwa kukalia kigoda chako. Nilikaa. Nililia, nikakaa, nikahudumia wateja wawili nikiwa nimekikalia. Cha pili, kuingia kwenye Noah ya Shafii ikiwa imesimama na nisiende popote. Hapo sasa! Nimekaa siti ya nyuma, nahesabu nne, nahesabu sita. Shafii ananiuliza, "Mama Pili, tunaenda wapi?" Namwambia hatuendi popote, nafanya mazoezi. Watu stendi wanapita wanachungulia. Siku ya tatu kuna abiria alimuuliza kama gari hili lazima kwanza ufanye mazoezi ndipo upande.

Cha tatu, kufika Ulaya na kurudi. Moyo ulikimbia pale pale ulipokimbia mwanzo, kama vile ulikuwa unanisubiri kwenye lile benchi la machungwa. Safari hii sikushuka. Nikautaja: hii ni aibu, na hii ni hofu, na hii ndogo hapa chini ni hasira. Ndiyo, hasira. Ilinishangaza. Niliipeleka kwa Sista Alhamisi kama mtu aliyeokota kitu njiani. Nilikuwa na hasira na mama yako, Mwanaidi, kwa kukuchukua bila kuningojea nirudi na unga. Mwaka mzima nilisema yeye ndiye aliyenikasirikia.

Cha mwisho kilikuwa Tindiga.

Nilifika Jumamosi, mchana. Shafii alinishusha mlangoni kabisa, akazima gari akasubiri, nadhani aliogopa nitamrukia tena ndani. Mama yako alikuwa uwanjani anapepeta mchele, amevaa ile kanga yako ya kijani uliyoiunguza kwenye jiko. Amekonda. Nikapiga magoti, nikasema, "Shikamoo mama." Akasema, "Marahaba mwanangu, karibu." Ungo haukusimama. Halafu akauliza kama anavyouliza mtu yeyote, "Habari za Mikumi?"

Lile neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Mwanaidi, lilikuwa kwenye ulimi! Nikatoa pumzi, sita nzima.

Nikasema, "Mbaya, mama."

Ungo ukasimama. Nadhani tangu azaliwe hajawahi kujibiwa hivyo. Nikamwaga yote palepale nikiwa bado nimepiga magoti: Ulaya, moyo, benchi la machungwa, uongo wa gari, ahadi niliyokupa tukiosha masufuria. Mchele unaliwa na kuku, hakuna anayewafukuza. Nilipomaliza nikaanza kuhesabu tena. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayeuliza kitu kidogo, "Kumbe hukunikasirikia?"

Unasikia hiyo? Yeye naye alikuwa na wazo lake. Alijua kwamba alininyang'anya wewe bila hata kuaga, na kwamba kwa ajili hiyo nilisusa mpaka msiba. Mwaka mzima alikuwa anatuma salamu za Jumamosi apime kama nimepoa, na mimi namrudishia nzuri tu, nzuri tu, kavu kama gunzi. Alisema kila Shafii alipomfikishia ile "nzuri tu" alikuwa anaingia ndani anafunga mlango. Watu wawili, njia moja, dereva mmoja, tunakufa na tai shingoni.

Nikamwambia ukweli, kwamba nilimkasirikia siku moja. Akaniangalia. Nikasema, haya, labda siku nane. Akacheka, mama yako, alicheka kile kicheko chako, kumbe ulikitoa kwake. Mimi nikamuuliza, "Na habari za hapa, mama?" Akaanza kwa mazoea, "Nzu...", akaiacha katikati. Akasema, "Mbaya, Pili. Silali. Kila siku napika cha watu wawili, cha pili nawapa kuku." Nikaangalia wale kuku. Nikamwambia ndiyo maana wamenenepa hivi, mama, hawa ndio wenye msiba mtamu. Tulicheka tukalia, tukalia tukacheka, mpaka Shafii akashuka kwenye gari akidhani kuna ugomvi.

Kisha tukaja kukuona. Naamini ulitusikia. Nilikuwa nimepanga maneno mazito ya kukuomba radhi, nikafika pale nikapiga chafya tatu kwa vumbi la mpunga, na mama yako akasema, "Mwache, amekusamehe, angekuwepo angekucheka." Nikakuomba radhi hivyo hivyo, pua inanitiririka. Leo narudia kwa kalamu: nisamehe, rafiki yangu. Niliogopa, na sikujua kwamba kuogopa kuna njia ya kufanyiwa kazi.

Sitaki udhani kila kitu sasa ni ngoma na vigelegele. Kuna siku bado moyo unadunda, na kuna asubuhi nasikia lori linafunga breki nageuka kukuita uje uone nani amefika. Sista anasema huzuni yenyewe si ugonjwa, haitibiwi, inabebwa, na kubeba kunafundishika. Wiki ya sita alitupa kazi ya mwisho, tumwandikie mtu ambaye hatukumaliza maneno naye. Ndiyo hii. Nilitegemea ukurasa mmoja.

Mama yako amekuja Mikumi mara tatu tangu siku ile. Anakalia kigoda chako. Alionja supu yangu akauliza huyu mbuzi alikosa nini. Sasa supu anapika yeye akiwepo, na yule dereva wa Tunduma ameshaanza kumposa. Mzee Hassani naye amepata wa kumpigia honi. Kila Jumamosi Shafii anamwachia usukani gari likiwa limesimama, mzee anapiga honi mbili ndefu, sisi wote wa mabandani tunampungia, ndipo gari linaondoka. Ukichelewa kumpungia ananuna.

Na salamu zetu za Jumamosi hazifanani tena na za zamani. Mama yako anamtuma Shafii, "Mwambie jana nimelia kidogo, leo nafuu, goti linauma, nimelala mpaka adhana." Mimi namrudishia yangu yote, na ya aibu na ya furaha. Shafii analalamika. Anasema, "Jamani, mimi dereva, si gazeti."

Lakini jana Jumamosi alisimama hapa akaniambia, "Leo fupi. Mama Mwanaidi anasema nzuri tu, anakusalimu." Shoga, nilidondosha mti wa kusukumia chapati. Nikajua amerudi kule kule, amejifungia. Nikafunga banda wateja wakiwa mezani, nikapanda gari la kwanza, nikapita Ulaya bila hata kukumbuka kwamba ni Ulaya. Nilimkuta uwanjani anamwaga maji ya kuoshea sufuria. Sufuria moja, ndogo. Shikamoo yenyewe niliitoa nahema. Nikamuuliza, "Mama, nzuri ipi hiyo uliyonitumia? Ile ya zamani?"

Akasema, "Hapana, Pili. Nimeamka leo nikajisikia nzuri. Sikujua niisemeje vingine."

Ahadi yangu ya sufuria nimeianza, na nitaimaliza. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi mimi ni wa Tindiga, kwa moyo wa kudunda au wa kutulia. Pumzika, Mwanaidi wangu, na huko uliko uwaache wenzako nao waongee kidogo. Barua hii nitakuja kukusomea mwenyewe, nikipiga chafya univumilie.

Nimetumwa na mama yako nikufikishie hivi, neno kwa neno: nzuri tu, anakusalimu.

Nimehoji kama polisi. Ni kweli.

Ni mimi,
Pili wa chapati